Buba: kichaka cha kunonesha shamba la kuazima



Ninapotembelea vijiji vya upande huu wa Dilolo, akina mama hunionyesha mahindi yao kabla sijakaa. "Tulipofika tulipewa shamba hili. Mwaka wa kwanza tulivuna. Mwaka wa pili kidogo. Sasa angalia, majani ya manjano, na kichwa ni kama kidole changu." Mara nyingi wanadhani mbegu ni mbaya, au kuna mtu amewaonea wivu. Mimi nikichukua udongo mkononi naona mchanga. Mvua ya kwetu ni nyingi, kutoka mwezi wa kumi hadi wa nne, nayo inashusha chakula cha udongo chini, mahali mizizi ya mahindi haifiki.

Wenyeji wanaijua dawa ya zamani: kuliacha shamba lipumzike miaka mingi, porini lirudi, halafu kulilima tena. Mgeni hawezi kufanya hivyo, maana hana shamba lingine la kulimia wakati hili linalala. Tena shamba alilopewa mara nyingi ndilo lile lililokwisha kuchoka. Sisemi hivyo kuwalaumu wenyeji. Hata wewe ukigawa nguo, hutoi ile mpya. Mbolea ya dukani inatoka mbali, na bei yake wanaiweza wachache.

Kwa sababu hiyo nataka kueleza habari za kichaka kimoja ambacho wengi wenu mnakijua kwa kazi nyingine kabisa.

Kichaka chenyewe

Katika Katanga wengi wanakiita buba. Vitabu vya Kiswahili vya pwani vinasema utupa. Wataalamu wanaandika Tephrosia vogelii. Hilo jina la pili linamkumbusha Vogel, Mjerumani mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Waingereza kwenye mto Niger mwaka 1841 na kufa mwaka uleule. Bibi yangu hakupata kumsikia, lakini buba aliijua vizuri sana, na nilipofika chuoni nikafundishwa jina la Kilatini nilicheka peke yangu darasani.

Buba ni mmea wa Afrika yetu, haukuletwa na meli. Ni wa ukoo mmoja na maharagwe na karanga. Unapanda hadi mita 2 au 3, wakati mwingine zaidi kidogo. Majani yake ni madogo madogo yaliyopangwa pande mbili za kijiti, na ukiyapapasa ni laini kama manyoya. Maua ni meupe au ya zambarau, yanasimama kwa vishada, na nyuki wanayapenda. Maganda yake yana manyoya pia. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano hadi wa tisa, nyasi zote zikiwa zimegeuka rangi ya vumbi, buba inabaki kijani, kwa sababu mizizi yake inashuka kutafuta unyevu chini. Lakini haipendi maji yanayotuama. Usiipande bondeni ambako miguu inazama.

Kwenye mizizi kuna vinundu vidogo. Ndani yake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinachukua nitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Nitrojeni ndicho chakula ambacho mahindi yale ya manjano yanakililia. Majani ya buba yakianguka na kuoza, chakula hicho kinaingia udongoni. Mizizi nayo inapandisha kile ambacho mvua ilikuwa imekishusha.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Zambia, upande wa Chipata, watafiti wa ICRAF pamoja na wakulima walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kujaribu vichaka vya namna hii mahali pa mapumziko marefu ya shamba. Waliona kwamba mapumziko ya mvua mbili yenye buba yanaweza kuyapa nguvu mahindi ya mavuno mawili au matatu yanayofuata. Kumbukeni hesabu hiyo, mbili halafu tatu. Nitairudia, maana humo ndimo ugomvi unamozaliwa.

Kwa nini kinamfaa mgeni

Kwetu mti si mti tu. Mwembe mzee unaonyesha kwamba babu wa fulani alikaa pale. Anayepanda mwembe, parachichi au mti wa mbao kwenye shamba la kuazima, hata kama nia yake ni kuwapa watoto matunda, mwenye shamba anasikia neno lingine: huyu hataki kuondoka. Nimeona miche ya parachichi imeng'olewa usiku, na familia mbili zilizokuwa zinagawana chumvi zikaacha kusalimiana.

Sheria ya nchi haisaidii sana hapo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi inayokaliwa na wanavijiji, kifungu cha 389 kilisema amri ya Rais itakuja kueleza haki zao, na miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutolewa. Basi kijijini neno la shefu na wazee ndilo linaloshika shamba, na neno likisemwa bila mashahidi linapotea.

Buba haina shida ya mwembe. Maisha yake ni mafupi, miaka michache tu, na ukiikata karibu na udongo mara nyingi haichipuki tena. Hakuna mjukuu atakayekuja kuonyesha kisiki cha buba mbele ya wazee na kudai shamba. Mwenye shamba anaweza kuruhusu bila hofu, na mgeni anapata cha kupanda ambacho hakimfanyi mwizi.

Tena hapa Kisenge ugeni si habari ya watu wa mbali. Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela, na manganezi yetu ikakosa njia ya kwenda bandari ya Lobito. Machi 1977 wapiganaji walioingia kutoka Angola walichukua miji ya upande huu, na jeshi la Zaire liliporudi, watu wetu kwa maelfu walivuka mpaka wakawa wakimbizi huko. Baadaye ikawa zamu ya Waangola kukimbilia kwetu. Kambi zao zilikuwa hapa Kisenge na Divuma. Baada ya mapatano ya amani ya Aprili 2002, HCR ilianza mwaka 2003 kuwarudisha kwao, lakini si wote waliorudi. Wako waliooa na kuolewa hapa. Halafu mwaka 2016 na 2017 vita ya Kasai ikawasukuma wengine tena. Wazee wa Lunda, Tshokwe na Lwena ninaokaa nao wanaweza kukutajia shamba la ng'ambo walilolima kwa kuazima. Nikitaka kufungua mazungumzo magumu, ninaanza kwa kuwauliza habari za shamba hilo.

Namna ya kupanda

Loweka mbegu katika maji baridi usiku mmoja, maana ganda lake ni gumu. Panda mahindi kwanza, mvua ikishashika. Wiki mbili hadi nne baadaye, ukimaliza palizi ya kwanza, panda buba katikati ya mistari ya mahindi. Ukiitanguliza, buba itayafunika mahindi. Ukiichelewesha sana, kiangazi kitaikuta bado ndogo. Acha nafasi ya karibu mita moja toka shimo hadi shimo. Tia mbegu mbili au tatu kila shimo, kwa kina cha kiungo cha kwanza cha kidole. Hakuna haja ya kitalu, wala kubeba maji.

Mwanzoni buba ni mvivu. Miezi miwili ya kwanza majani ya porini yanaishinda, kwa hiyo palilia. Utavuna mahindi yako mwezi wa nne au wa tano kama kawaida, na kichaka kitabaki kimesimama shambani. Hapo ndipo familia inapata faida ya kwanza: mwaka wa kupanda hamkulala njaa.

Mvua ya pili inakuwa ya buba peke yake. Inafunga kivuli, na nyasi chini zinakufa. Kwa familia yenye kipande kimoja tu, huu ndio mwaka mgumu. Nashauri mligawe shamba. Pandeni buba kwenye sehemu ya tatu au ya nne tu, nyingine mlime mihogo na mahindi, halafu mwaka unaofuata mhamie sehemu nyingine. Mtu akikuambia ufunike shamba lote kwa mara moja, muulize watoto watakula nini na bukari itatoka wapi.

Mwezi wa kumi unaofuata, kabla mvua haijashika, kata chini kabisa karibu na udongo. Vijiti ni kuni nzuri za jikoni. Majani yote yabaki shambani, myachanganye na udongo kwa jembe, na mvua ikifika mpande mahindi. Msichome! Najua desturi yetu ni kuchoma tukisafisha shamba, nami nimekulia katika moshi huo. Lakini ukichoma majani ya buba, nitrojeni uliyoingoja miaka miwili inapanda juu na moshi, na unabaki na majivu.

Moto wa kiangazi ndio adui mkubwa. Wawindaji na watoto wanachoma pori kutafuta panya, upepo unageuka, na buba ikiungua imekufa. Safisheni ukanda wa hatua kama nne kuzunguka shamba mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado mbichi. Mbuzi hawasumbui sana, hawaipendi. Na msipande nyanya wala tumbaku mara tu baada ya kuikata, maana buba inatunza minyoo midogo ya udongoni inayofanya vinundu vibaya kwenye mizizi ya mimea hiyo.

Shamba likinona

Sasa nirudi kwenye hesabu ya mbili na tatu. Mwanzoni mwa kazi hii nilifundisha familia moja kupanda. Sitataja kijiji. Mvua mbili walivumilia, wakakata, wakapanda, na mahindi yakatoka meusi kwa ukijani, marefu kuliko baba mwenye nyumba. Watu walikuja kuangalia. Kati ya waliokuja alikuwa mpwa wa mwenye shamba. Walivuna mara moja. Mwaka uliofuata mpwa alifika mapema na jembe lake, akasema shamba ni la mjomba wake na mgeni amekaa vya kutosha. Mgeni akajibu kwamba alipewa mchanga, udongo huu ameutengeneza yeye. Panga zilitolewa nje ya nyumba siku ile. Wazee waliingia kati, wakaligawa shamba nusu kwa nusu, na damu haikumwagika, lakini mke wa mgeni alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Kosa lilikuwa langu pia. Nilifundisha kupanda, sikufundisha kuuliza kwanza.

Shamba lililochoka halina mgombezi. Ukilinonesha, umeweka mali mahali ambapo mali haikuwako, na mwenyewe atakumbuka kwamba ni lake. Kwa hiyo siku hizi sitoi mbegu kabla mazungumzo hayajafanyika. Kwa kawaida huwa hivi. Mgeni anafika kwa mwenye shamba pamoja na shefu wa kijiji, anapiga makofi ya heshima, na kusema: "Baba, tunakushukuru kwa shamba. Udongo umechoka, tunaomba ruhusa kupanda buba. Si mwembe. Mvua mbili zikipita tutaikata." Mzee mwenye akili hatauliza buba ni nini. Atauliza: "Na shamba likinona, mwanangu, utanirudishia lini?"

Jibu lipatikane siku hiyohiyo. Nimeona mapatano ya namna mbalimbali yakidumu. Wengine walikubaliana mvua tano: mbili za kichaka, tatu za kuvuna, halafu shamba linarudi likiwa bora kuliko lilivyotolewa. Wengine walichagua kugawa, mgeni alime nusu iliyonona, mwenye shamba achukue nusu nyingine toka mavuno ya kwanza. Mzee mmoja alikataa mahindi kabisa. Alitaka mgeni ampandie buba kwenye shamba lake lingine, na kuni ziwe za mke wake. Hayo yote ni mazuri, mradi yamesemwa wazi. Kisichodumu ni "tutaona mbele".

Iteni mashahidi wa pande mbili, nao wawe na vijana. Nasema vijana kwa sababu aliyekuja na jembe hakuwa mzee aliyetoa ruhusa, alikuwa mpwa wake ambaye siku ya ruhusa hakuwako. Iteni pia wake wa nyumba zote mbili, maana wao ndio wanaopalilia, na mume akifa ndiye mama atakayeulizwa. Tembeeni mipaka kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Kisha andikeni karatasi mbili, yenye jina la shamba, idadi ya mvua, nani anavuna nini, nani anachukua kuni na mbegu. Asiyejua kuandika aweke kidole. Karatasi hiyo si hati ya ardhi, nanyi viongozi msiwadanganye watu hivyo. Kazi yake ni kukumbusha.

Mto

Wasomaji wengi mlisoma mpaka hapa mkingoja nitaje samaki. Ndiyo, buba ni ileile. Majani yakipondwa na kutiwa katika maji yaliyotulia, samaki wanaelea. Ndani yake mna sumu, rotenoni na ndugu zake, inayoingia kwa matamvua ya samaki moja kwa moja katika damu na kuuzuia mwili kutumia hewa. Haichagui. Inaua wakubwa na vifaranga, na dimbwi linakaa tupu muda mrefu. Sheria inakataza kuvua kwa sumu, na shefu anajua hivyo.

Hatari ya amani iko hapa. Kijiji kikianza kupanda buba nyingi, kiangazi maji yakipungua, vijana watajaribiwa. Na samaki wakielea kwenye kijito kinachotumiwa na vijiji vitatu, nani atasingiziwa kwanza? Wageni, hata kama waliofanya ni watoto wa shefu. Kwa hiyo katika mapatano kuna mstari wa lazima: hakuna buba mtoni, wala kuoshea majini vyombo vilivyopondea. Mstari huo wausaini wenyeji na wageni sawasawa. Wasipewe wageni peke yao kana kwamba wao ndio wanaoshukiwa. Kijiji kingine kilipanga kwamba anayeshikwa anang'olewa buba yake yote, awe nani.

Sumu hiyohiyo ina faida ikitumiwa nchi kavu. Ponda majani mabichi, loweka katika maji usiku, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza mboga zenye wadudu. Fanya jioni, kwa sababu jua linaivunja sumu haraka. Wengine wanakausha majani kivulini, wanayaponda na kuyachanganya na maharagwe ya kuweka akiba ili fukusi wasiyatoboe. Maharagwe hayo yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Usitumie kinu cha chakula, funika pua, nawa mikono, na watoto wakae mbali. Mmea ukikosa nguvu, usishangae. Watafiti walioichunguza buba ya Malawi waliandika mwaka 2012 kwamba baadhi haina rotenoni hata kidogo, ingawa kwa macho ni ileile. Jaribu kwanza kwenye mistari michache ya mboga, na chukua mbegu kutoka kwa miti iliyofanya kazi. Kwa kunonesha shamba, zote mbili ni sawa.

Mbegu

Maganda yanakomaa katika kiangazi. Yachume yakishageuka rangi ya kahawia lakini hayajapasuka, kwa sababu jua kali likiyapiga yanalipuka na mbegu zinaruka mbali. Yaanike juu ya mkeka na kufunikwa na chandarua cha zamani au kitambaa chepesi, yapasukie humo. Mbegu nyeusi nyeusi zilizojaa ziweke katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na moto wa jikoni. Mama mmoja mwenye vichaka vichache tu kando ya nyumba anaweza kugawia jirani zake mbegu za kutosha, nasi tunapendelea mbegu zipite mikononi mwa akina mama hivyo kuliko kutoka kwa gari letu.

Mnaotaka kuanza mvua hii, njooni kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Leteni chupa, na mwenye shamba.